Waliozama Hawaleti Ushuhuda

Msikilizaji, popote ulipo, jikoni, dukani au kwenye daladala iliyokwama foleni, nakupa namba tatu: mbili, nne, sita. Kichwani mwangu ninayo kanuni iliyonifanya nizipange hivyo, na kazi yako ni kuigundua. Unaruhusiwa kunitajia namba nyingine tatu, zozote uzipendazo, nami nitakujibu ndiyo au hapana: zinafuata kanuni yangu au hazifuati. Ukishajiona umeipata, nitajie kanuni yenyewe.

Nadhani umeanza kama wengi wanavyoanza. Nane, kumi, kumi na mbili. Ndiyo. Ishirini, ishirini na mbili, ishirini na nne. Ndiyo. Mia moja, mia moja na mbili, mia moja na nne. Ndiyo tena. Sasa huna shaka hata kidogo, unapaza sauti: ni namba zinazoongezeka mbili mbili! Hapana, umekosa.

Mchezo huu aliubuni mwanasaikolojia Peter Wason, mjini London, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1960. Kanuni aliyoificha ilikuwa nyepesi kabisa: kila namba iwe kubwa kuliko iliyoitangulia, basi. Hata moja, saba, mia tisa zingepita. Aliowapima walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na ni wachache tu walioipata kanuni kwa jibu lao la kwanza. Hesabu walikuwa wanaijua vizuri. Shida ni kwamba wengi wao walitaja namba ambazo walitarajia zijibiwe ndiyo. Wangetaja tatu, nne, tano, wangeshtuka mapema. Lakini nani anapenda kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kumwangusha?

Kwa hiyo mazungumzo yetu ya leo ni juu ya tabia hiyo ya kukusanya ndiyo. Tunaifanya tukinunua kiwanja, tukimeza dawa, tukiingiza pesa kwenye mchezo wa kikundi. Na nitangulize neno: usidhani ni maradhi ya wasiosoma.

Twende hospitali. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa hoi na kutibiwa malaria kali. Damu ya kila mmoja ikapimwa upya, kwa uangalifu, kwenye maabara ya utafiti. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062, yaani asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa ugonjwa ambao haukuonekana katika damu yao. Na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa wale wasio na vimelea, kwa sababu walikuwa na maradhi mengine, na baadhi yao hawakupewa kabisa dawa za kuua bakteria.

Sitaki mtu aondoke hapa akiwatukana madaktari. Jiweke kwenye viatu vyao. Umefanya kazi miaka mingi mahali ambapo malaria ipo kweli na inaua kweli. Kila siku unaona homa. Unampa mgonjwa dawa ya malaria, baada ya siku tatu anakuja anatabasamu. Umepata ndiyo moja. Kesho unapata nyingine. Lakini homa nyingi za virusi zinaondoka zenyewe kwa siku hizohizo tatu, kwa dawa au bila dawa, na yule ambaye homa haikumwachia amehamia zahanati nyingine, au kwa mganga, au amezikwa kijijini kwao. Harudi dirishani kwako kukwambia ulikosea. Ndiyo zote zinakufikia wewe, na hapana zinakwenda kwa jirani.

Dawa ya tatizo hilo haikuwa kuwahubiria madaktari wafikiri zaidi. Kilicholetwa ni kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Faida ya kipimo kile ni kwamba hakimwonei mtu haya. Kinaweza kusema hapana mbele ya daktari bingwa, mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni, mbele ya mgonjwa mwenyewe aliyekuja na jibu lake kutoka nyumbani: "Daktari, mimi najijua, hii ni malaria." Mistari haibadiliki.

Sasa tufike Samunge. Wenye umri mnakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2011, katika kijiji hicho cha Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, nchi nzima ikimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Kikombe kimoja, mara moja, na lazima ukinywe palepale kwa mkono wake. Kilisemekana kutibu kisukari, pumu, saratani, shinikizo la damu, Ukimwi. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye vumbi, watu wakalala njiani siku kadhaa, wengine wakafia humo humo foleni. Walikwenda wakulima na walikwenda mawaziri. Walikuja Wakenya kwa mabasi. Wenye uwezo walikodi helikopta.

Miaka imepita, mzee mwenyewe alifariki mwaka 2021, na siku hizi ni rahisi kucheka. Mimi siwezi kuwacheka. Nataka tuziangalie hoja zilizozungumzwa wakati ule vibarazani na kazini, maana hazikuwa hoja za wajinga.

Hoja ya kwanza: angekuwa tapeli, angetoza shilingi 500? Ni hoja nzito. Tapeli hutafuta faida, na mzee yule aliishi maisha ya kawaida kabisa. Lakini itazame vizuri uone inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba mzee aliamini anachokisema. Kuhusu mizizi haisemi kitu. Unyoofu wa mtu na nguvu ya dawa ni mambo mawili, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Hapa ndipo tunapoteleza mara nyingi sana, kwa sababu tumelelewa kumpima msemaji: ana tabia gani, katoka ukoo gani, anasali wapi. Tukishamkubali yeye, maneno yake yanaingia nyumbani bila kubisha hodi. Na mtu mwema anaweza kukosea kwa moyo mweupe kabisa.

Hoja ya pili ndiyo iliyojaza magari: nimemwona mtu aliyepona. Kila mtaa ulikuwa na shahidi. Mama fulani alikuwa hawezi kutembea, sasa anakwenda sokoni. Fulani alikuwa na sukari, sasa anakula anachotaka. Na wengi wa mashahidi hao walisema kweli, kwa maana ya kwamba walijisikia hivyo. Maradhi ya kudumu yana kupanda na kushuka, na mtu hufunga safari ya mateso siku zile ambazo yamepanda. Baada ya hapo, mara nyingi, yanashuka. Mwenye virusi vya Ukimwi akiacha dawa zake leo, kesho asubuhi haamki mgonjwa. Anaweza kukaa wiki, hata miezi, akijiona mzima, na katika miezi hiyo ndimo alimotoa ushuhuda. Ushuhuda ulisafiri kwa simu na kwa magazeti. Yaliyofuata hayakusafiri. Aliyezidiwa alizidiwa akiwa amelala chumbani, na ndugu zake walikuwa na aibu ya kusema kwamba waliuza ng'ombe kwa ajili ya safari ile.

Ushuhuda hutufikia kama tui lililopita kwenye kifumbu: jeupe, zuri, na chicha imebaki mahali ambapo hatuioni.

Jambo hili ni la zamani mno. Mwanasheria wa Roma, Cicero, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alisimulia kisa cha Mgiriki mmoja aitwaye Diagoras, aliyefika kisiwa cha Samothrace. Rafiki yake akamwonyesha picha nyingi zilizotundikwa hekaluni, zote za mabaharia waliopigwa na dhoruba, wakaweka nadhiri kwa miungu, wakaokoka. Akamuuliza kama bado ana shaka. Diagoras akajibu kwamba haoni picha za wale walioweka nadhiri wakazama. Mwaka 1620 Mwingereza Francis Bacon alikitumia kisa hichohicho kueleza jinsi akili ya binadamu inavyojidanganya. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa zaidi: kila anayetusimulia jinsi alivyonusurika baharini ni mtu aliyerudi.

Twende kwenye pesa, na hapa nitakwenda mbio kwa sababu kisa ni kilekile kimevaa suti. Kabla ya Samunge tulikuwa na mchezo wa pesa ulioitwa DECI. Watu "walipanda mbegu" na "kuvuna", waendeshaji wake walikuwa wachungaji, na mwaka 2009 serikali ikaifunga. Waliovuna mapema walivuna kweli, pesa mkononi, wakajenga, wakatuonyesha. Walilipwa kutoka kwenye pesa za waliopanda baada yao. Hesabu ya michezo ya aina hii haihitaji shahada. Tuseme kila mtu alete wawili, na hao kila mmoja alete wawili. Hatua ya kumi ni watu elfu moja na kidogo. Hatua ya ishirini ni milioni moja. Hatua ya ishirini na sita ni milioni 67, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga. Lazima ikatike, na inapokatika waliopanda mwisho ndio wengi.

Vijana wa leo hawapandi mbegu, wanaweka mkeka wa kubashiri mechi. Kijana anachagua mechi kumi, timu ambazo kila mtu anajua zina nguvu. Tuseme kila moja ina uwezekano wa asilimia 70 wa kushinda, ambao ni uwezekano mzuri tu. Zote kumi kushinda pamoja ni chini ya mara tatu katika mia. Mkeka unachanika kwa timu moja, dakika ya tisini, na kijana anasema alikaribia. Kesho bango la barabarani litakuwa na picha ya mshindi ameshika hundi kubwa kama mlango. Ushindi wake ni wa kweli. Bango la waliochaniwa mikeka wiki hiyo nani atalilipia?

Kuna msemo wetu unaofanya uharibifu kimyakimya katika mambo haya: maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mtu ameshaweka laki tatu, anaona dalili mbaya, anaongeza laki mbili ili zile tatu zisipotee. Maji yenyewe yana mamba, lakini nguo ameshavua! Zile laki tatu zimekwenda, hazihusiki tena na uamuzi wa leo. Uamuzi wa leo ni wa laki mbili tu, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza unauona mchezo huo.

Na methali, nisije nikasingiziwa kwamba nazidharau, zina hatari nyingine. Tunazo za kila upande. Anayetaka kununua leo atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Asiyetaka atasema haraka haraka haina baraka. Ukimsikia mtu anaitoa methali katikati ya shauri, mara nyingi ujue ameshaamua zamani, sasa anatafuta muhuri.

Lakini kwa maoni yangu kizuizi kikubwa kuliko vyote kinachotukataza kuuliza ni kwamba wanaotuletea habari ni watu tunaowapenda. Ujumbe wa limao na maji ya moto kutibu saratani hauletwi na mgeni. Unaletwa na shangazi, saa kumi na moja alfajiri, kwenye kundi la ukoo, na dua juu yake. Mchezo wa kupanda na kuvuna unaletwa na mwenyekiti wa kikundi aliyekuzikia baba yako. Kumuuliza "una hakika gani?" kunasikika kama kumwambia "wewe ni mwongo." Na mtoto aliyekua akiambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, atamuuliza mkuu swali la namna hiyo kwa mdomo gani?

Basi tunanyamaza, na ukimya wetu unageuka ushahidi kwa anayekaa pembeni. Yeye naye anatazama, anaona hakuna aliyepinga, anadhani wote wameridhika. Mwaka 1951 Mmarekani Solomon Asch alieleza jaribio ambalo watu walikaa chumbani wakaulizwa ni mstari upi kati ya mitatu unalingana na ule wa mfano. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wote waliokuwamo isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kujibu vibaya kwa sauti moja. Kati ya kila wanne waliokaa nafasi ya yule mmoja asiyejua mpango, watatu waliwasikia wenzao wakafuata jibu la uongo angalau mara moja. Kilichonigusa mimi ni sehemu ya pili ya jaribio. Mtu mwingine mmoja tu chumbani aliporuhusiwa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka mno. Hakuhitajika shujaa wa kuhutubia. Alihitajika mmoja wa kutaja alichokiona.

Mtu huyo mmoja kwenye kikao chetu cha kikundi ni nani? Kwa kawaida tunamjua, na tumeshampa jina: mbishi. Hapa lazima niwe muungwana kwa pande zote, kwa sababu wabishi nao wapo. Mbishi wa kweli hapimi kitu. Yeye jibu lake ni hapana kabla hujamaliza sentensi, chanjo hapana, benki hapana, daktari hapana, halafu video ya mtu asiyemjua, aliyevaa koti jeupe, hiyo anaimeza nzima. Huyo naye anakusanya ndiyo zake, ila anazikusanya upande wa pili wa barabara. Ninayemtafuta mimi ni yule anayeuliza na yuko tayari kusikia jibu litakaloharibu mipango yake.

Na anaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Shangazi anaweza kuulizwa: "Shikamoo shangazi, asante kwa kutukumbuka. Huyo aliyepona, unamfahamu wewe mwenyewe au umesimuliwa? Na waliotumia wasipone, tumesikia habari zao?" Mwenyekiti anaweza kuulizwa: "Mwenyekiti, akitokea mtu anataka kutoa pesa yake yote kesho, analipwa kutoka wapi?" Hakuna tusi hapo. Akikasirika kwa swali la namna hiyo, hasira yenyewe ni habari. Akijibu vizuri, umepata kitu ambacho ushuhuda mia moja usingekupa.

Nimalizie na kiwanja, maana najua wapo wanaonisikiliza na bahasha ya pesa ipo kabatini. Dalali amekupeleka Jumamosi asubuhi, jua linawaka, ardhi kavu kama sakafu. Amekukutanisha na jirani mmoja, mcheshi, anayesema mtaa ni mzuri. Jirani huyo dalali ndiye aliyekuchagulia. Rudi siku nyingine peke yako, jioni, bila dalali. Nunua nyanya kwenye genge la kona na umuulize mama mwenye genge wakati wa masika maji yanapita wapi. Muulize kama kuna waliowahi kununua pale wakaondoka, na waliondokea nini. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama kimewekwa rehani kwa mkopo. Usiridhike na nakala uliyoonyeshwa kwenye simu. Kama hakijapimwa, fika serikali ya mtaa, halafu uongee na majirani wa pande zote nne, hasa yule ambaye dalali alisema hayupo.

Katikati ya hayo yote simu italia. Dalali atakwambia kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na pesa taslimu. Huenda ni kweli. Wateja wengine wapo duniani. Mwache aje. Inawezekana kabisa ukakikosa kiwanja kizuri kwa sababu ulitumia siku tatu kuuliza, na itauma, na shemeji atakucheka mezani kwa mwaka mzima. Hiyo ni gharama halisi ya kuuliza. Iweke kwenye hesabu zako mapema, pamoja na nauli ya kwenda ofisi ya ardhi.